Muuza Mchanga Aliyeogopa Maji

Mtu anayeuza mchanga kando ya mto unaotoa mchanga bure lazima awe na mdomo, na jirani yetu alikuwa nao. Kila aliyetaka kujenga mtaani kwetu, huku komini ya Tshopo, yaani wilaya yetu ya mji, aliijua njia ya mtoni, na alikuwa na karai yake ya kuchotea na mikono yake miwili. Bado alikwenda kwa jirani. Alikwenda kwa sababu jirani alikwisha kumwambia, mbele ya mke wake, kwamba mchanga uliochotwa na mtu asiyejua kazi hutoka jasho ukutani, na nyumba yenye jasho haikai ndoa. Sijawahi kuona ukuta ukitoka jasho. Lakini nilipojenga jiko langu, na mimi nilinunua kwake.

Alizaliwa wapi, sitasema, maana yeye mwenyewe alikuwa na jibu kwa kila aliyeuliza. Kwa watu wa msikitini alikuwa wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani waliokuja na misafara. Kwa wapiga kasia wake, ndugu wawili Wakristo wa Yanonge, alikuwa mtoto wa mto kama wao. Kwa Mzungu wa ofisini alikuwa commerçant, mfanyabiashara, basi. Sisi tulimwita Jirani, na mke wake Mama Jirani. Hata watu waliokaa mbali kabisa na kwake, ng'ambo ya mji, walimwita Jirani, na yeye aliitika bila kugeuza shingo.

Mimi nilikuwa Mama Karanga. Nyinyi mnaokula karanga za barabarani hamjui zinavyopikwa, basi niwaambie. Karanga zetu hatuzikaangi kwa mafuta. Unaweka mchanga kwenye sufuria pana, unawasha moto mpaka mchanga wote uwe na joto moja, unamimina karanga, unakoroga bila kupumzika, halafu unachekecha: mchanga unarudi chini, karanga zinabaki juu. Mchanga mpya ni mshamba. Unaunguza ganda na kuacha ndani mbichi. Mchanga uliozoea, uliokunywa mafuta ya karanga miaka na miaka, unakuwa mweusi, unang'aa, na hauhitaji kufundishwa.

Kwa upande wa mama yangu, kule Ubundu, mchanga wa namna hiyo hautupwi. Binti akiolewa, mama yake anamkabidhi mbele ya akina mama wengine, na anataja majina ya waliokuwa nao: huu ulikuwa wa fulani, akampa fulani, akanipa mimi. Majina yakiisha, binti anaondoka. Wengine hupewa mikufu. Mimi nilipewa ndoo ya mchanga, na mume wangu, mtu wa reli aliyejiheshimu sana, aliibeba ndani ya treni kutoka Ubundu huku akiwaambia abiria kwamba ni sukari. Mmoja alimwomba kidogo kwa ajili ya chai.

Mama alikufa mwaka uliofuata. Hakuacha picha, na nguo zake shangazi zangu waligawana kabla sijafika. Kwa hiyo nilikuwa na ule mchanga. Baada ya kazi, ukiwa bado vuguvugu, niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kukaa hivyo. Mume wangu alidhani natafuta pete. Nilikuwa namtafuta mama, na nilikuwa nampata.

Jirani alipouona mara ya kwanza alichovya kidole, akanusa, akakunja uso.

"Mama, hii muchanga ilikufa zamani," alisema. "Lete nikupe mupya, mweupe. Iko moja inatoka mu fungu ya chini kule, hata muke wa gavana anaweza kulalia."

Nilimfukuza kwa mwiko. Alikimbia, lakini alikimbia kwa uangalifu, kwa sababu ya viatu.

Lazima niseme habari ya viatu. Vilikuwa vyeupe, na alivipaka chaki kila asubuhi. Mtu anafanya kazi ya mchanga na mto, na anavaa viatu vyeupe! Tena Jirani aliogopa maji. Sisemi hakupenda, nasema aliogopa, mpaka mate yakamkauka. Alioga kwa birika, kidogo kidogo, kama anayemwagilia mche. Mtumbwi wake ulipofika ukingoni, mmoja wa wale ndugu wa Yanonge aliingia majini akageuza mgongo, na Jirani akapanda juu yake kama mtoto, viatu mkononi, akatuliwa penye ukavu. Akina mama tuliokuwa tukisugua vyungu kwa mchanga pale tuliacha kusugua ili tutazame vizuri. Ukimwuliza kwa nini asijifunze kuogelea kama watu wote, alikujibu kwa methali: "Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Alors, miye sitaki kujua."

Sasa kilima. Kati ya nyumba za mwisho za mtaa wetu na mto kulikuwa na kilima cha mchanga mweupe, kirefu kuliko nyumba. Wazee walisema mto ulikiacha pale zamani, ulipokuwa ukipita njia nyingine, ukasahau kurudi kukichukua. Upande wa mtoni kilikuwa kimekatika kama mkate, na humo ndege keremkerem walichimba matundu yao, makumi kwa makumi, asubuhi wakitoka wote pamoja kwa kelele. Upande wetu kilikuwa na nyasi ngumu zinazokata vidole. Kenge walikuja kufukia mayai yao upande wa jua, na nyigu wembamba walichimba visima vyao vidogo wakiingiza viwavi. Watoto wa madrasa waliandika alifu na bee juu yake kwa kidole, wakafuta kwa kiganja, wakaandika tena. Tulianika muhogo pale. Tulifukia viazi na tangawizi ndani yake ili vikae muda mrefu. Mtu akifiwa, tulichota mchanga wa kilima na kuutandaza uani, ili waliokuja msibani wakae mahali safi.

Jirani alisema kilima ni chake. Hakuna aliyempa. Alianza tu kukitetea, na anayetetea kitu muda mrefu watu huzoea. Alikaa mbele ya nyumba yake akihesabia wote dhambi: wewe umekata chini, kilima kitaanguka, wewe umeng'oa nyasi, upepo utakuja, wewe mbuzi wako ana adabu gani? Alisema, "Muchanga haina mizizi. Nyasi ndiyo mizizi yake." Hapo alisema kweli. Alipanda viazi vitamu mgongoni pote ili majani yake yashike mchanga, akatangaza kwamba majani ni ya kilima na viazi pia ni vya kilima, mtu asichimbe. Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, kilima kizima kilijaa migongo ya akina mama walioinama. Msiniulize nilikuwa wapi.

Kuna siku nyingine alisema uongo, au kosa, sijui. Alisema kilima kile hakiwezi kusogea, kwamba mjomba wake alikipima kwa macho tangu utotoni na kiko palepale. Msimu huohuo mvua kubwa ilishuka, kilima kikaingia jikoni kwa Mama Jirani kupitia dirishani, kikazima moto na kufukia sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokuwa ikichemka. Mama Jirani alisimama mlangoni na kifuniko mkononi. "Bon," Jirani alisema, "haikusogea. Ilikuja tu kusalimia." Tulikula kwao kesho yake, na bado mchanga ulisikika menoni. Alitutazama mmoja mmoja, hakuna aliyethubutu kutema.

Mwaka wa uhuru ndipo alipokuwa na furaha kuliko sote. Wengine walingojea bendera, wengine walingojea gari la Mzungu, Jirani alingojea nyumba. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu huru atataka nyumba ya matofali, matofali yanataka mchanga. Alikwenda akihubiri barabarani, "Uhuru iko nyumba, na nyumba iko muchanga," mpaka watu wa vyama wakadhani na yeye ana chama chake. Wapiga kasia wake walileta mchanga asubuhi na jioni kutoka kwenye mafungu ya mto mkubwa, ule unaopokea mto wetu, wakaurundika uani kwake mpaka akawa na kilima cha pili, na ili aingie chumbani ilibidi azunguke.

Sikumcheka. Na mimi nilikuwa nimeshajiona. Nilisema mawaziri wetu, wakishakaa kwenye viti vya Wabelgiji, watataka kitu cha kutafuna wakati wanafikiri, na watatafuna nini kama si karanga? Nilishona hata kitambaa cheupe cha kufunika beseni langu siku watakaponiita. Kitambaa kile baadaye kilikuwa nepi.

Uhuru ulikuja, tukacheza, na aliyejenga hakuonekana. Wenye fedha walikuwa wanafunga masanduku. Kilima cha uani kiliota nyasi, kuku wa mtaa mzima wakaja kuogea vumbi pale, na Jirani akaanza kuwafukuza kwa jina la sheria. Nilimwuliza siku moja uhuru wake unaendeleaje. Akasema mchanga hauozi, atangojea. Sauti yake ilikuwa ndogo siku hiyo, nikampa karanga na matabishi, yaani ile konzi ya juu ambayo mnunuzi anayependwa huongezewa. Alizikubali. Tangu hapo alikuja kununua mara kwa mara, na kila mara alisema zina kasoro hii au ile, na kila mara alimaliza.

Halafu ukaja uasi. Sina maneno mazuri ya kuusimulia, na waliobaki mjini wakati ule hawapendi kusikia mtu akiupamba. Nitasema yanayomhusu Jirani.

Asubuhi waasi walipoingia, risasi zilisikika upande wa barabara kubwa, na kila mtu alikimbia na alichokiona kwanza. Mume wangu alikuwa Ubundu na treni zake, njia imefungwa. Binti yangu alikuwa mchanga bado, ndiyo kwanza ameanza kukaa, nikamfunga mgongoni. Nyumbani kulikuwa na unga. Kulikuwa na samaki mkavu, blanketi, sufuria mbili nzuri na picha yetu ya harusi. Niliingia ndani, nikatazama vyote hivyo kwa akili zangu timamu, nikatoka na ndoo ya mchanga kichwani.

Jirani alikuwa ukingoni akipakia mtumbwi wake: Mama Jirani, majirani wachache, sisi. Alinitazama.

"Mama Karanga, iko nini mu ile ndoo?"

"Mchanga."

"Muchanga gani?"

"Wa mama."

Alifumba macho kidogo. Tulikuwa tunakwenda kwenye fungu la mchanga katikati ya mto mkubwa, mahali ambapo wavuvi hukaa maji yakipungua, kwa sababu Jirani alisema askari wa upande wowote hawana shida na mchanga. "Donc," alisema, "tunakimbilia ku muchanga, na weye unabeba muchanga." Watu waliokuwa wakitetemeka kwa hofu walicheka. Hata leo Tshopo kuna wanaokumbuka kicheko kile kuliko risasi.

Tuliteremka mpaka kwenye mto mkubwa, na hapo mawimbi yakaanza. Mtumbwi ulikuwa umejaa mno, maji yakaingia. Jirani alikaa katikati ameshika kingo zote mbili, macho yamefungwa, midomo inasoma dua. Mkubwa wa wale ndugu wa Yanonge akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Papa, kitu moja itoke, ao sisi yote tutoke." Jirani alifumbua macho. Alinyoosha mkono, akaichukua ndoo kutoka miguuni pangu, akaimwaga mtoni. Mchanga wa mama uliingia majini kwa sauti ndogo ya kuchuja, ukaisha. Alinirudishia ndoo tupu, akafumba macho tena.

Hakukosea. Niseme hivyo mapema. Binti yangu alikuwa mgongoni mwangu ndani ya mtumbwi uleule.

Fungu lilikuwa kubwa tulipofika, ungeweza kuita mtu upande wa pili asisikie. Hakukuwa na mti. Kulikuwa na vibanda vya majani vya wavuvi, na ndege wenye mdomo mwekundu, wa chini mrefu kuliko wa juu, wanaoruka chinichini wakipasua maji. Hutaga juu ya mchanga mtupu, bila hata jani, mayai ya rangi ya mchanga. Jirani alichomeka kijiti kando ya kila tagio ili watu wasikanyage. Vita viko mjini, njaa iko tumboni, na yeye anazunguka na vijiti akiwakaripia wakimbizi. Siku hiyohiyo alifukua mayai ya kobe, akayala yote, akisema kobe ni mzembe, ndege ni mama. Tulichimba mashimo, maji yakaingia yamechujwa safi kabisa, tukanywa. Mchana mchanga uliunguza nyayo. Tulifukia miguu kutafuta ubaridi wa chini.

Na mimi nililia. Watu walikuwa wanalia ndugu waliowaacha mjini. Mama Jirani alikuwa na kaka yake huko, na hakumwona tena. Mimi nilikuwa nalia mchanga, nimekaa juu ya mchanga, nimezungukwa na mchanga. Nilijiona mjinga na sikuweza kuacha. Siku moja binti yangu alishika konzi ya mchanga wa pale akanipa, kama anavyopewa mtu anayelilia kitu, na hapo nililia zaidi. Jirani alikuwa karibu. Aliinuka akaondoka.

Yale yaliyofuata niliyaona nusu. Wapiga kasia walikuwa wamekwenda na mtumbwi kutafuta chakula. Vibanda vya kukaushia samaki vilikuwa kwenye fungu dogo la pembeni, na kati yake na letu palipita mkono wa mto. Haukuwa mpana. Mvuvi anauvuka huku anaongea. Jioni jua likiwa bado lipo, Jirani alikuja kutoka upande ule, ndoo yangu mkononi, viatu vyeupe vimefungwa shingoni, vikavu. Shati lilikuwa limemganda mwilini mpaka kifuani.

Aliweka ndoo mbele yangu. Ilikuwa na mchanga mweusi mpaka nusu.

"Ya mama yako," alisema. "Haikwenda yote. Ingine ilibakia chini mu mtumbwi. Niliikusanya."

Meno yalikuwa yanamgongana, na jioni ile ilikuwa na joto. Niliingiza mkono ndani ya ndoo. Mchanga ulikuwa vuguvugu. Nikasema, "Aksanti, Jirani." Akaenda kukaa katikati kabisa ya fungu, mbali na maji pande zote.

Mto ulianza kupanda. Kila tulipoamka fungu lilikuwa limepungua, ndege wakaondoka na watoto wao waliokwisha kuota mabawa, tukasogeleana, vibanda vikagusana, mpaka siku moja tulikuwa tukipikia mahali pa kulala. Watu husema tulirudi mjini amani ilipokuja. Amani ilikuja baadaye. Maji ndiyo yaliyoturudisha. Mume wangu alirudi kutoka Ubundu kwa miguu, amekonda, na kitu cha kwanza alichouliza baada ya mtoto ni kama sukari ile imepona.

Nikawasha moto tena, nikamimina mchanga, nikamimina karanga. Zikaanza kunukia. Zilinukia samaki! Samaki mkavu, wa moshi, harufu ya kibanda kizima. Nilikaa chini na mwiko mkononi. Mtumbwi wa Jirani ulikuwa na mchanga chini siku zote, ndiyo kazi yake, lakini ulikuwa mchanga mweupe na mvua ilikuwa imeusafisha. Ule mweusi ulitoka chini ya moto wa wavuvi, umenyeshewa mafuta ya samaki misimu na misimu.

Niliziuza hivyohivyo. Mjini hapakuwa na chakula cha kuchagua. Mnunuzi wangu wa kwanza alikuwa Jirani. Alitafuna taratibu, nikimtazama. Aliyezoea kusema zimeungua, zina chumvi, zimepoa, siku hiyo alimeza, akasema, "Tamu. Iko sawa na zamani." Nikampa matabishi. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, na miaka iliyofuata, hakutoa kasoro tena hata moja. Nami kila nilipomwona anakuja nilitayarisha konzi kubwa. Harufu ilipungua polepole, karanga zikamshinda samaki, lakini siku za mvua ilirudi.

Binti yangu alikua. Kilima kilipungua: watu walikuwa wamechoka kumsikiliza Jirani, nyasi ziling'olewa, kilikatwa chini palepale alipokataza, keremkerem wakahamia kwingine. Yeye alizeeka, macho yakaingia ukungu, lakini viatu alivipaka chaki kwa kupapasa, na mara nyingine alipaka na soksi. Kisha binti akachumbiwa, siku ikapangwa, na mtaa wote ukajua kwamba Mama Karanga atakabidhi mchanga kwa majina, kama kwao.

Mama Jirani alikuja asubuhi moja. "Jirani anakuita," alisema. "Anasema uje mbele ya ndoa, isikuwe nyuma."

Nilimkuta amekaa uani, mahali palipokuwa na kilima chake cha uhuru. Nilikuwa nimemletea karanga. Hakuzigusa.

"Mama Karanga, ile muchanga utapatia mutoto, haiko ya mama yako."

Nilikaa kwenye kigoda.

"Ya mama yako ilikwenda yote mu maji," alisema. "Miye ndiyo niliimwanga, na mukono yangu. Ile nilikuletea nilitoa chini ya moto ya samaki. Sasa utasimama pale utaita majina ya batu ba kufa juu ya uongo yangu. Niko karibu kuonana nabo. Sitaki."

"Najua, Jirani."

"Unajua nini?"

"Kwamba ulitoka chini ya moto wa samaki. Nilijua tangu karanga za kwanza. Zilinuka."

Niliona hasira ikimpanda, hasira ya kweli.

"Donc miaka yote hii miye nakula karanga ya samaki, nasema tamu, tamu, juu usilie tena, na weye unajua?"

"Nilidhani unazipenda. Ndiyo sababu nilikuongezea."

"Nani anaweza kupenda ile kitu!"

Mama Jirani, aliyekuwa akipepeta mchele nyuma yetu, aliweka ungo chini na kuingia ndani, na tulimsikia anacheka humo mpaka akakohoa. Mimi nilicheka pia. Yeye hakucheka.

"Bon," alisema baadaye. "Mwanga ile. Nitatuma batu baende ku fungu, balete ya muzuri. Mutoto aanze na mupya."

"Simwagi."

"Juu ya nini?"

Nilikuwa sijapanga kusema. Miaka yote nilidhani neno lile litabaki tumboni mwangu. "Siku ile ulikuwa na maji mpaka hapa," nikamwambia, na kwa kuwa haoni vizuri nilimgusa kifuani. "Mtumbwi haukuwapo. Hapakuwa na mgongo wa mtu. Ulikwenda na kurudi."

Jirani aligeuzia uso upande wa barabara, ambako hapakuwa na mtu.

"Maji haikuwa mingi," alisema.

Halafu akapapasa zile karanga, akachukua moja, akatafuna. Akasema zimeungua.

Siku ya kukabidhi, akina mama walikaa uani kwangu, juu ya mchanga tuliotandaza kutoka kwenye kile kidogo kilichobaki cha kilima. Wanaume walikaa upande wa pili, na Jirani kati yao, viatu vinang'aa, na soksi zina chaki. Niliweka ndoo magotini mwa binti yangu. Nilikuwa nimejizoeza jikoni, mwiko ukiwa shahidi. Nilisema mama wa mama yangu alikuwa na mchanga, akampa mama yangu, mama yangu akanipa mimi, na ule ukaenda na maji siku tulipokuwa tunaokoa roho. Nikasema huu ni mwingine. Huu aliuleta mtu mmoja aliyevuka mto kwa miguu yake mwenyewe. Nikataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kama alivyonitajia Mama Jirani kwa siri.

Akina mama walitazamana, kwa maana jina la mwanaume halikuwahi kuingia pale. Binti yangu aliingiza mkono kwenye mchanga mpaka kiwiko. Kule upande wa wanaume Jirani aliinama, akaanza kupapasa viatu vyake, kimoja baada ya kingine, na hakuinua kichwa mpaka watu walipoanza kula.

Jina lenyewe hapa silitaji. Liko kwa binti yangu, na yeye atalitaja siku yake ya kukabidhi.